Cherehani ndani ya chumba cha kulala: Namna ya kupanga pa kushonea bila kudhuru afya ya nyumba

Mwezi wa Ramadhani unapoingia kumi la mwisho, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam sauti ya cherehani husikika mpaka usiku wa manane. Kanzu za watoto, majuba, baibui, mitandio, mapazia na foronya mpya za sikukuu, vyote vinatakiwa viwe tayari kabla mwezi haujaandama. Mwezi wa Januari nao una msimu wake wa sare za shule. Sehemu kubwa ya kazi hii haifanyiki kiwandani wala kwenye fremu ya duka. Inafanyika nyumbani, na mara nyingi ndani ya chumba kile kile ambamo familia inalala, inakula na kuswali.

Ramadhani moja jirani yetu, mama wa watoto watatu anayeishi kwa kushona, alianza kulalamika kuumwa kichwa kila siku baada ya adhuhuri. Kichwa kilikuwa kizito, macho yanaona kiwi, moyo unakwenda mbio, kichefuchefu hakiishi. Mwenyewe alisema ni saumu, na sisi tuliokuwa tukimsikiliza tukakubali, maana nani asiyeumwa kichwa kidogo akiwa amefunga na joto la Dar es Salaam? Siku ya tano mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu alitapika, akalegea, akawa hataki hata kunyonya. Mtoto wa umri huo hafungi. Alipofikishwa zahanati, muuguzi aliuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amejiuliza: "Mama, pasi mnapiga wapi?"

Pasi ilikuwa ya mkaa, na ilipigwa ndani. Dirisha pekee la chumba lilikuwa limezibwa na kabati la vitambaa, na mlango uliteremshiwa pazia zito ili wapita njia wasione ndani wakati wateja wanapimwa. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichofanywa kwa uzembe. Kabati liliwekwa pale kwa sababu ukuta ule ndio pekee uliobaki, na pazia lilikuwa la sitara. Lakini vyote viwili kwa pamoja, ukiongeza na pasi, vilikigeuza chumba kuwa hatari kwa mama na kwa mtoto.

Kwa ajili hiyo leo safu yetu itazungumzia namna ya kupanga mahali pa kushonea nyumbani. Wengi wetu tukisikia neno kupanga tunafikiria kabati la vioo na makopo yaliyopakwa rangi. Hayo mazuri kwa mwenye nafasi. Mwenye chumba kimoja ana swali la kwanza tofauti: kila kinachodhuru katika kazi hii, yaani moshi, vumbi, ncha kali, moto na nguo zinazotoka majumba ya watu, kikae wapi ili kisiwafikie wanaolala humo?

Pasi itoke nje

Tuanze na pasi kwa sababu ndiyo inayoua. Mkaa unapoungua mahali penye hewa kidogo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikivutwa huingia kwenye damu na kung'ang'ania chembe zile zinazobeba oksijeni, na nguvu yake ya kung'ang'ania ni zaidi ya mara 200 ya ile ya oksijeni yenyewe. Matokeo yake damu inazunguka mwilini ikiwa imebeba mzigo usiofaa, na ubongo na moyo vinakosa pumzi ingawa mtu anahema kama kawaida.

Hapa kuna kosa linalofanywa na watu wengi waangalifu. Wanawasha pasi nje, wanasubiri moshi uishe na mkaa uwe mwekundu, kisha ndipo wanaiingiza ndani, wakiamini hatari imekwisha na moshi. Sivyo. Mkaa mwekundu usiotoa moshi wowote unaendelea kutoa kaboni monoksaidi mpaka uzimike. Wengine huweka beseni la maji chumbani ili "linyonye sumu". Maji hayainyonyi hewa hii kwa kiasi cha kumsaidia mtu. Kinachosaidia ni hewa mpya kuingia na ile mbaya kutoka, na kwa pasi ya mkaa maana yake ni kupiga pasi nje, uani au barazani, basi.

Mshonaji atasema, na ana haki: "Kila mshono unataka kulazwa kabla ya kuunganisha mwingine. Nitatoka nje mara ngapi kwa siku?" Hili linatatuliwa na mpangilio wa kazi. Mishono midogo ya ndani, kama ya mabega, kola na mifuko, inaweza kulazwa kwa kuipigilia na kipande cha mti mgumu kilicholainishwa kwa msasa, au kwa mgongo wa kijiko kikubwa, juu ya ubao. Mafundi wa zamani wakilaza kwa ukucha wa dole gumba. Nguo zinazohitaji pasi kweli zinakusanywa kwenye kikapu, na pasi inawashwa mara mbili tu kwa siku, kwa mfano saa nne asubuhi na baada ya alasiri. Jirani yetu aligundua kwamba kwa utaratibu huu anatumia mkaa pungufu kuliko zamani, kwa kuwa pasi haikai inaungua bure ikisubiri nguo moja moja.

Usiku pasi isirudi chumbani ikiwa na makaa. Zipo nyumba zinazoihifadhi chini ya kitanda ili asubuhi kubaki na moto wa kuanzia. Zima makaa kwa mchanga huko huko nje.

Sasa namna ya kuitambua sumu hii, hasa mwezi wa Ramadhani. Dalili zake ni kichwa, kizunguzungu, uchovu, kichefuchefu na akili kuchanganyikiwa, na hazina homa. Ni rahisi mno kuzisingizia saumu, malaria au ujauzito. Jiulize mambo mawili. Je, kichwa kinapungua nikitoka nje kwa muda, na kurudi nikiingia chumbani? Je, wengine waliomo chumbani nao hawajisikii vizuri, wakiwemo wasiofunga? Likiwa jibu ni ndiyo, toeni watu wote nje mara moja, fungueni milango na madirisha, na nendeni hospitali, na mwambieni daktari kwamba palikuwa na mkaa ndani. Mjamzito na mtoto mdogo waende hata kama wamepata nafuu, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huumia kuliko mama anavyojisikia yeye mwenyewe.

Mwenye pasi ya umeme ameepuka hayo, lakini amepata mengine. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme wake wote kwa saa nzima inakula uniti moja ya LUKU, na pasi nyingi zina wati zaidi ya hizo. Kwa mzigo huo ichomekwe kwenye soketi ya ukutani peke yake. Isiwekwe kwenye ekstensheni moja na friji, feni na cherehani ya umeme, halafu ekstensheni yenyewe ikawa imefunikwa na rundo la vitambaa. Ukiigusa plagi ukaikuta ya moto, hapo pana moto unaosubiri siku yake.

Dirisha ni mali ya fundi

Jambo la pili ni mwanga, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo mpangilio wa chumba unapoamua kama macho yatafika mbali.

Nyumba zetu nyingi za kupanga zina ukumbi katikati na vyumba pande mbili, kila chumba na dirisha lake moja. Mtu akihamia, kitanda ndicho kinachochaguliwa mahali kwanza, kisha kabati, kisha televisheni. Cherehani inapewa kona iliyobaki, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye giza. Kwa nyumba inayokula kutokana na cherehani, utaratibu huo ugeuzwe. Dirisha apewe fundi kwanza, kitanda kitafute kwingine. Anayelala hahitaji mwanga.

Kukaa kwenyewe kuna namna yake. Ukilipa dirisha mgongo, kivuli chako kitaanguka juu ya sindano. Ukilitazama uso kwa uso, mwangaza wa nje utakuumiza macho na kitambaa kitaonekana cheusi mbele yako. Weka cherehani ili dirisha liwe ubavuni kwako, upande wa kushoto au kushoto kwa mbele. Ukiiangalia cherehani utaona sababu: kichwa chake kizito chenye gurudumu kiko kulia, sindano iko kushoto. Mwanga ukitoka kulia unazuiwa na chuma.

Viwango vya Ulaya vya mwanga mahali pa kazi vinataka luksi 750 kwa kazi ya kushona, luksi ikiwa ni kipimo cha mwanga unaoangukia juu ya kitu. Chumba cha kulala chenye taa moja ya darini mara nyingi hakifiki robo ya hapo. Sisi hatuna kipimo nyumbani, lakini tuna njia yetu: chukua uzi mweusi na sindano, viweke juu ya kitambaa cheusi pale pale unaposhonea. Ukishindwa kutunga uzi mpaka uinue mikono kuelekea dirishani au taa, mwanga hautoshi.

Kuuongeza si lazima kugharimu. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe unarudisha mwanga chumbani, ukuta wa bluu iliyokoza au wa udongo mtupu unaumeza. Kioo kile kile wanachojitazamia wateja, kikitundikwa kwenye ukuta unaoelekeana na dirisha, kinaupeleka mwanga kwenye kona iliyokuwa na giza. Pazia zito la dirishani libadilishwe kwa jepesi jeupe mchana, na sitara ya kupimia nguo ihamie mahali pengine kama tutakavyoona.

Kwa usiku, watu wengi wananunua taa kubwa zaidi na kuiweka darini. Pesa hiyo inapotea juu huko. Taa ndogo ikisogezwa kutoka mita mbili hadi nusu mita, mwanga wake juu ya kitambaa huongezeka mara 16. Kwa hiyo taa ndogo ya LED ya wati tano, iliyofungwa kwenye kichwa cha cherehani au kwenye waya mgumu uliokunjwa, yatosha, mradi iwe na kofia ya kuzuia isikumulike machoni. Hata kofia iliyokatwa kwenye chupa ya plastiki na kufunikwa karatasi nyeupe kwa nje inafaa kwa LED ndogo, kwa kuwa haipati moto kama balbu za zamani.

Na kazi nayo ipangwe kufuata mwanga. Baibui nyeusi na kitambaa cha rangi ya bahari iliyokoza vishonwe asubuhi. Kanzu nyeupe na mashuka yanaweza kusubiri usiku, kwani uzi wa rangi tofauti kidogo huonekana juu ya cheupe hata kwa mwanga hafifu. Kufumua mshono wa baibui saa tano usiku ni kujitafutia kichwa na kuiharibu kazi.

Kama umevuka miaka 40 na unajikuta unausogeza mkono mbali ndipo uone tundu la sindano, usiulaumu mwanga peke yake. Hilo ni badiliko la macho linalompata karibu kila mtu akifika umri huo, na miwani ya kusomea inalimaliza. Utafiti uliofanywa Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024 uliwafuata watu 824 wa vijijini wenye umri wa miaka 35 hadi 65, wengi wao wakiwa ni wenye kazi za kuangalia karibu. Nusu walipewa miwani ya kusomea, nusu hawakupewa. Baada ya miezi minane kipato cha waliopewa kilikuwa juu kwa takriban asilimia 33. Mafundi wengi wa kike wa mitaani kwetu wanaacha kushona nguo za mapambo wakifika miaka 45 wakidhani wamezeeka. Wakapime macho kwanza.

Aidha, kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi, kwa muda wa sekunde 20. Mti wa jirani kupitia dirishani unatosha, na hiyo ni sababu nyingine ya kukaa karibu na dirisha.

Pini, vifungo na mkeka wa kuswalia

Chumba kimoja kikiwa ni pa kushonea na pa kuswalia, kila pini iliyoanguka ina mtu inayemsubiri. Anaweza kuwa mtoto anayetambaa, au mzee anayesujudu. Mkeka wa kuswalia usitandikwe pa kukatia nguo hata siku moja. Uviringwe na kutundikwa juu, na utandikwe upande ule ambao vitambaa haviendi. Hii ni kanuni rahisi inayolinda twahara ya mahali na paji la uso kwa pamoja.

Pini zipewe nyumba moja. Kipande cha sabuni kavu kilichofungwa ndani ya kitambaa ni mto mzuri wa pini, na sindano iliyochomekwa humo hupita kwenye kitambaa kwa ulaini. Sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu ni bora zaidi: ifungie ndani ya soksi, iburute sakafuni kila jioni kabla ya kufagia, na utashangaa inachokusanya. Ila isiwekwe karibu na watoto ikiwa imevunjika vipande, maana vipande viwili vya sumaku vikimezwa hushikana tumboni na kutoboa utumbo. Zihesabu pini zako. Kama asubuhi zilikuwa 20, kazi haijafungwa mpaka ziwe 20. Sindano zilizovunjika ziingie kwenye kopo la maziwa ya unga lililotobolewa mfuniko kwa tundu dogo, zisitupwe na takataka za kawaida ambazo mtu mwingine atazishika kwa mkono.

Vifungo, zipu na vishikizo vikae kwenye makopo yenye mifuniko ya kukaza, juu ya urefu wa mtoto. Njia nzuri isiyokula nafasi ni kipande cha turubai kilichoshonewa mifuko mingi, mikubwa chini na midogo juu, kikatundikwa nyuma ya mlango. Kwa aliyekatazwa na mwenye nyumba kupigilia misumari, turubai hilo linaning'inizwa kwa kamba juu ya ukingo wa mlango wenyewe. Mfuko wa juu kabisa uwe wa mikasi, ncha zikitazama chini. Mifuko ya chini iwe ya vitu visivyodhuru, kama kanda na vitambaa vya bitana, kwa sababu mtoto ataivuta tu.

Betri ndogo za duara kama kifungo, zile za vikokotoo na tochi ndogo, ziwekwe mbali kuliko vyote. Ikikwama kooni mwa mtoto, betri hiyo inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Na mtoto aliyemeza betri, pini au sindano asitapishwe, wala asishindiliwe ndizi au ugali "ili kiteremke". Apelekwe hospitali wakapige picha. Vivyo hivyo kwa mafuta ya taa ambayo mafundi hutumia kusafishia cherehani: mtoto akiyanywa, kumtapisha ndiko kunakoyapeleka kwenye mapafu. Yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda.

Cherehani ya miguu, iwe Singer ya zamani au Butterfly, nayo inajeruhi. Ukinyanyuka, hata kama ni kwenda kuangalia chungu, toa mkanda kwenye gurudumu. Mtoto atakanyaga atakavyo na sindano haitashuka juu ya kidole cha mwenzake. Ya umeme ichomolewe.

Fundi mwenyewe akidungwa na sindano yenye kutu, aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni, na aulize zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda. Akina mama wengi wamechanjwa wakati wa ujauzito. Akina baba wengi hawakumbuki mara ya mwisho.

Nguo za wateja zisilale kitandani

Jambo hili huwa halisemwi kwa kuogopa kumkosea mteja heshima, lakini ni la usafi. Nguo za kurekebisha zinazoletwa zikiwa zimevaliwa zinaweza kubeba wadudu wa upele, chawa au kunguni, na kitanda ndicho meza ya mafundi wengi wa nyumbani. Mdudu wa upele kwa kawaida haishi zaidi ya siku mbili au tatu akiwa nje ya ngozi ya mtu. Chawa wa nguo akikosa damu hufa ndani ya wiki. Kunguni ndiye mkaidi: anaweza kukaa miezi bila kula.

Kwa hiyo pokea nguo kwenye ndoo yenye mfuniko au mfuko wa plastiki unaofungwa, ukae karibu na mlango. Waombe wateja walete nguo zilizofuliwa, na uliseme hilo kama sharti la kazi kwa wote, ili asijione mmoja amebaguliwa. Zisizofuliwa zifuliwe kwa maji ya moto au zipigwe pasi ya moto kwenye mishono na mapindo yote kabla ya kuguswa na kitu kingine. Vitambaa vipya vya dukani navyo vifuliwe kabla ya kukatwa. Mbali na kwamba pamba hurudi ikiingia maji, vitambaa vya "visivyojikunja" mara nyingi hutiwa dawa yenye formaldehaidi, inayowasha ngozi na macho. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka formaldehaidi mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, ingawa walio hatarini zaidi ni wanaoivuta kwa wingi viwandani. Kufua kunapunguza sehemu kubwa yake.

Pa kupimia wateja pawe ni kona moja yenye waya na pazia lake, karibu na mlango wa kuingilia, ili mgeni asipite katikati ya chumba cha kulala. Futi, daftari na kalamu vining'inie hapo hapo. Dirisha likishaondolewa kazi ya sitara, litabaki wazi kwa hewa.

Vumbi na mabaki

Nyuzi na vumbi la vitambaa humsumbua mwenye pumu, na zaidi mtoto anayelala humo. Kufagia kwa ufagio mkavu ni kulirusha juu lishukie kwenye godoro. Nyunyiza maji kidogo au futa kwa kitambaa kibichi, na kabla ya kuanza kazi funika kitanda kwa shuka kuukuu litakalokung'utwa nje jioni. Mtungi wa maji ya kunywa na sahani za chakula zifunikwe au zihamie upande mwingine.

Mabaki ya vitambaa yana mfuko mmoja tu, na ukijaa yanatoka. Fundi hapendi kutupa kipande, kila kimoja anakiona kina kazi yake siku moja. Rundo hilo chini ya kitanda ni makazi ya panya na mende, na mbu hupumzika humo mchana wakisubiri usiku.

Mgongo

Daktari wa Kiitaliano Bernardino Ramazzini, aliyeandika kitabu kizima juu ya maradhi ya kazi mwaka 1700, aliwataja washonaji: wanakaa wakiwa wamejikunja siku nzima, wakisimama wanatembea kwa shida. Karne tatu baadaye fundi wetu anakaa kwenye stuli isiyo na egemeo, na anakata nguo sakafuni akiwa ameinama.

Kiti kiwe na kimo cha kufanya viwiko vilingane na uso wa cherehani bila mabega kupanda. Kikiwa kifupi, mto mgumu au mkeka uliokunjwa unakiinua. Egemeo la mgongo ni muhimu kuliko kiti kizuri. Kwa kukatia, tafuta kipande cha plaiwudi cha futi sita kwa tatu, ukiweke juu ya meza ya chakula na vitalu vya mti chini yake mpaka kifike kati ya kiuno na kiwiko ukiwa umesimama. Kazi ikiisha ubao unasimamishwa nyuma ya kabati, na meza inarudi kuwa ya chakula. Kila nusu saa simama. Mjamzito asimame mara nyingi zaidi.

Asiye na fedha ya hayo yote aanze na yale yasiyo na bei: kuhamisha kabati lililoziba dirisha, kuitoa pasi nje, na kutoa mkanda wa cherehani kila anaponyanyuka. Jirani yetu alifanya hayo matatu kwa siku moja, akisaidiwa na mumewe na kijana mmoja wa mtaani. Mtoto alirudi kwenye kucheza, na kichwa cha adhuhuri hakikuonekana tena ingawa siku za kufunga zilikuwa bado zimebaki. Tatizo lililomkabili baadaye ni mvua za masika, kwa sababu uani hapakuwa na paa. Alizungumza na wapangaji wenzake, wakachangishana bati nne na nguzo, na sasa upenu ule una meza ya pasi wanayoitumia wote, na asubuhi majirani wawili huleta sare za watoto wao zipigwe hapo kwa mkaa wake, nao wanamlipa kidogo.